Mwalimu Aliyevaa Kola Kwanza

Kama ulikwenda na Mwalimu kununua kola ya umeme ya mbwa wako, mbwa hakuwa wa kwanza kuivaa. Wa kwanza alikuwa Mwalimu mwenyewe, wa pili wewe, mbwa akaja wa tatu, na kama hukutaka kuwa wa pili safari iliishia hapo hapo. Nimemwona akimvua wakili mmoja koti la suti katikati ya duka huko Westlands, akamkunja shati hadi juu ya kiwiko, akamfunga kola mkononi na kukaza ukanda. Wakili mzima, mtu anayekula kwa kubishana, alikaa kimya kwenye stuli akiitazama rimoti iliyokuwa kwa Mwalimu.

Kola zenyewe si kitu cha ajabu. Ni ukanda wenye kisanduku kidogo, na kwenye kisanduku kuna meno mawili ya chuma yanayogusa ngozi ya shingo. Mwenye mbwa anabaki na rimoti. Ukibonyeza kitufe kimoja kola inalia, kingine inatetemeka, cha tatu inapiga shoti. Sisi tunaowinda kwale na kanga kwa kibali, msimu ukifunguliwa, tunazitafuta kwa sababu mbwa wa ndege hufanya kazi mbali na mkono wako. Anatangulia kwenye nyasi akinusa, na akimpata ndege anasimama tuli, mguu mmoja juu, mpaka umfikie. Akiamua kukimbiza mbuzi wa watu badala yake, huna kamba ya kumvuta. Mwalimu alifundisha mbwa wa namna hiyo maisha yake yote ya kazi, na kila mtu alimwita Mwalimu, kuanzia wenye majumba ya Karen mpaka muuza mboga wa mtaani kwake Woodley. Nami nitamwacha hivyo.

Mimi nilimfikia nikiwa na uongo. Ukweli nauweka hapa mapema, kwa sababu yeye nilimficha kwa wiki tatu.

Kazi yangu ni ya bima, nakadiria hasara. Mtu akisema gari lake liligongwa likiwa limeegeshwa, mimi ndiye naenda kupima pale palipobonyea na kumwambia, hapana ndugu yangu, hili lilikuwa linatembea. Waongo nawajua kwa jinsi wanavyoeleza mambo ambayo hujawauliza. Sasa mtu kama mimi, mwenye kiburi hicho, nilikuwa na mbwa jike aitwaye Lulu, pointa mweupe mwenye mabaka ya kahawia, nimemlea tangu akitosha kwenye kikapu cha nguo. Alipofika miaka miwili alikuwa na pua ambayo wenzangu wa kuwinda waliionea wivu waziwazi. Kasoro yake ilikuwa mbuzi. Akimwona mbuzi anasahau jina lake.

Nikaagiza kola mtandaoni. Sikumuuliza mtu. Niliangalia ile yenye namba nyingi za nguvu kuliko zote, nikaona kwamba yenye mia moja lazima iwe bora kuliko yenye kumi, nikalipa. Siku ya kwanza pande za Kajiado niliiweka arobaini. Lulu akawaona mbuzi, akatimka, nami nikabonyeza. Kumbe katikati ya Lulu na wale mbuzi palikuwa na kwale wamejificha, na kwa sekunde ile ile niliyobonyeza, kwale wakaruka chini ya pua yake. Alilia mlio ambao sijawahi kuusikia tena kwa mbwa. Akageuka akizunguka pale pale, na mimi, kwa kuwa hakuwa anakuja kwangu, nikabonyeza tena. Na tena.

Tangu siku hiyo Lulu akisikia harufu ya ndege alishusha masikio, akaja kujificha nyuma ya miguu yangu, akitetemeka. Mbuzi aliendelea kuwatamani kama kawaida. Wenzangu walisema mbwa amekwisha. Bwana mmoja wa kikundi chetu mwenye yadi ya mabati huko Industrial Area alisema atamchukua, afungwe mnyororo langoni, angalau abweke. Nilikataa, halafu wiki mbili baadaye nikasema nitafikiria. Haki, kumtazama kulinichoma. Kila alipojificha nyuma yangu nilijua anakimbilia kwa mtu yule yule aliyemuumiza, na yeye hajui.

Hapo ndipo mtu akanipa namba ya Mwalimu. Nasema namba ya Mwalimu, lakini ilikuwa namba ya mke wake, kwa sababu simu yake mwenyewe aliiweka kwenye kabati pamoja na vyeti. Mke wake alipokea akasema, "Ameenda mbwa," kama vile wengine wanavyosema ameenda kazini, na akaniandikia Alhamisi.

Alikuja akiwa na koti la kijivu lenye mifuko minne iliyojaa vitu: filimbi, kitambaa, vipande vya maini yaliyochemshwa, na nyembe za kunyoa manyoya shingoni pale kola inapogusa. Mrefu, mwembamba, kofia imevutwa mbele. Hakunisalimia kwanza. Aliinama akamsalimia Lulu kwa kumpa kiganja, akamgusa chini ya masikio, kisha akainuka.

"Mama Lulu, habari yako."

Mimi ni mama wa kijana aliyemaliza chuo kikuu, mwenye jina lake zuri tu. Lakini kwa Mwalimu wote tuliitwa kwa mbwa wetu. Wakili alikuwa Baba Bosko. Kulikuwa na bibi mmoja Mwingereza, mjane, anaitwa Mama Tembo, na aliitika.

"Hii mbwa imefanywa nini?" akauliza.

"Hajafanywa kitu, Mwalimu. Ameanza tu kuogopa ndege. Labda ni umri, labda alishtuliwa na bunduki, sijui, hata chakula nilibadilisha mwezi ule."

Hebu sikia hayo maelezo. Kama ningeyasikia kutoka kwa mteja ningefunga faili.

Basi tukaanza. Jumanne na Alhamisi alikuja, na katika wiki zile tatu za kwanza, Lulu akiwa haponi, mimi nilimjua yeye.

Nilijua kwamba alikuwa mkali kwa watu wote na mpole kwa wanyama, na kwamba hakuona tatizo katika mpango huo. Mbwa akichelewa kuja alingoja. Mwenye mbwa akichelewa dakika kumi alikuta Mwalimu ameshaondoka, ameacha alama ya kiatu langoni ujue alifika. Yeye mwenyewe akichelewa, na alichelewa mara nyingi, alisema barabara ya Ngong ilimkataa, na hapakuwa na mjadala.

Nilijua pia kwamba hakuwa na mbwa. Hata mmoja. Nilikwenda siku moja kumchukua Woodley, nyumba za zamani zile zenye bustani mbele, nikatarajia kulakiwa na kundi. Palikuwa na paka kwenye ngazi. Mke wake akacheka aliponiona nikitafuta. "Mbwa ni wa kazini," akasema. "Hapa nyumbani ni watu. Nilimwambia siku ya harusi na aliweka sahihi." Mwalimu alisimama nyuma yake akisugua viatu vyake na kutikisa kichwa kukubali. Na nyama ya kwale, ambayo wateja walimletea kila msimu, hakuila. Alisema inamkumbusha kazi.

Kisha kulikuwa na lugha. Kwao ni Ukambani, na mbwa wote aliowafundisha alisema nao Kikamba. Neno la kuita lilikuwa "uka", njoo. Mbwa wa Karen wenye vyeti vya ukoo kutoka ng'ambo hawakuwa wakielewa Kiingereza hata kidogo; ukimwambia "come" anakutazama tu. Kwa hiyo jioni, kando ya zile bustani kubwa, ungemsikia mstaafu mmoja wa serikali, mtu mzito, akipaza sauti "Uka, uka" kwa lafudhi isiyo yake, na mkewe akimsahihisha kutoka barazani. Mimi ni Mkikuyu, na kwetu neno ni hilo hilo. Nilimwambia Mwalimu kwamba ametuibia. Akasema, "Nyinyi ndio mlikuja kuchukua, mkasahau kurudisha." Tulitaniana hivyo mpaka mwisho.

Lakini la kushangaza kuliko yote ni kwamba Mwalimu aliogopa umeme. Sisemi alikuwa mwangalifu. Aliogopa. Balbu ikiungua kwake, mke wake alipanda kiti. Plagi aliichomoa kwa kitambaa. Na mtu huyo ndiye aliyekuwa akitafutwa na kila mwenye mbwa wa ndege Nairobi amchagulie kola. Alifika dukani, akavua koti, akajifunga kola mkononi, akafumba macho, midomo ikitembea kwa sala fupi, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Bonyeza." Msichana wa kaunta, aliyemzoea, alianza namba moja. Mwalimu alipandishwa polepole mpaka pale aliposhtuka, akasema "Hapo," na msichana akaandika. Kola iliyoruka kutoka kutosikika mpaka kuuma aliirudisha, hata kama ilikuwa ya bei mbaya. Alitaka inayopanda kidogo kidogo, ili mwenye mbwa aweze kuishia kabla ya maumivu, pale mnyama anapogeuza sikio tu kama ameguswa na nyasi.

Nilimuuliza kwa nini asimwachie mtu asiyeogopa. "Asiyeogopa atajuaje?" akasema, akashusha mkono wa shati.

Katika kuchagua alikuwa na mambo yake, na hayakuwa mengi. Kitufe cha mlio na kitufe cha shoti visifanane; kidole kiweze kuvitambua bila macho, kwa sababu macho yako yana kazi ya kumtazama mbwa. Meno ya chuma yawe mafupi kwa pointa mwenye manyoya mafupi, marefu kwa spanieli mwenye manyoya mazito, na chini ya ukanda vipite vidole viwili. Baada ya saa kadhaa kola ivuliwe, ngozi ipumue. Alikuwa akiinusa kola ya mteja kabla ya kusalimia, na akisikia harufu ya kidonda, ole wako.

Na umbali. Hapo ndipo aligombana na watu. Kulikuwa na tajiri mmoja kijana aliyetaka ile inayofika kilomita mbili, ya setilaiti, unaona mbwa kwenye simu.

"Macho yako yanafika wapi?" Mwalimu akamuuliza.

"Si ndio maana kuna simu, Mwalimu."

"Sawa. Simu itakuonyesha mbwa yuko wapi. Itakuonyesha anafanya nini?"

Mwalimu akamchukua hadi kwenye maegesho nyuma ya duka, akampa msichana wa kaunta kitambaa, akamwambia atembee akikipeperusha au kukishusha. Kijana asimame na kusema kila mara, juu au chini. Alipoanza kukosea, Mwalimu alihesabu hatua. "Nunua ya hapa," akasema. "Zaidi ya hapa unapiga kitu ambacho huoni." Kijana alinunua ya kilomita mbili hata hivyo. Mwalimu hakwenda kwake tena, na mimi nilisimama pale nikizihesabu hatua zile upya kichwani, maana mbuzi wa Kajiado walikuwa mbali sana siku ile, na kwale sikuwa nimewaona kabisa kabla hawajaruka.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya wiki ya tatu. Kijana alipoondoka, Mwalimu akaniambia, "Haya, Mama Lulu. Na wewe tukuchagulie. Bila kola mbuzi watatuzuia kila siku."

Nilikuwa nimemwambia kwamba Lulu hajawahi kuvaa kola maishani. Ile ya mtandaoni ilikuwa kwenye buti ya gari langu, chini ya tairi ya akiba, imefungwa kwenye mfuko wa sukari.

Akajaribu tatu kwenye mkono wake, akazikataa mbili, akanifunga ya tatu. Palikuwa na meza ndogo na stuli pembeni ya duka ambapo walimwachia anywe chai. Alikuwa amekuja na mandazi ndani ya gazeti, bado ya moto. Akanimiminia chai, akanisogezea mandazi, akaketi mbele yangu na rimoti juu ya goti.

"Kula," akasema.

Nikanyosha mkono. Ikaniuma kidogo, kama kuguswa na sufuria. Nikaurudisha.

"Mwalimu, umenibonyeza."

"Kunywa chai, kunywa."

Nikanywa. Nikanyosha mkono tena kwenye mandazi, ikapiga tena. Nikangoja, nikajifanya namtazama msichana wa kaunta, nikanyosha kwa mara ya tatu. Ikapiga. Basi nikakunja mikono, nikayaacha mandazi yake. Tukakaa. Yeye alikula lake taratibu, akafuta vidole.

"Mbona huli?"

"Si umenikataza."

"Nimekukataza nini?"

"Mandazi."

"Hapana," akasema Mwalimu. "Mandazi ni yako, nimekununulia. Mimi nakukataza kutikisa huo mguu. Tangu ukae unautikisa, stuli inapiga kelele, na mimi kichwa kinaniuma. Kila ukinyosha mkono mguu unazidi. Nimebonyeza mara tatu, zote kwa sababu ya mguu."

Nikatazama chini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa bado unaruka. Mandazi yalikuwa pale mbele yangu, na nilikuwa nimeshaamua sitayagusa hata akinilipa.

Nilianza kulia. Mwanamke wa miaka hamsini, katikati ya Westlands, Jumamosi, na kola ya mbwa mkononi. Sikulia kwa maumivu, hayakuwa maumivu. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemwona Lulu kwa mara ya kwanza. Nikamwambia. Mbuzi, kwale, namba arobaini.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Ya kwanza ulikuwa unakataza mbuzi. Na hizo mbili?"

Hapo ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa na maneno tayari.

"Hizo nilikuwa na hasira tu, Mwalimu."

Alinifungua kola. Alitoa kitambaa akanifuta mkono pale meno yalipogusa, vizuri, pande zote, kama alivyokuwa akiwafanyia mbwa. Alikasirika, nilimwona. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Wiki tatu," akasema, "mimi nimemnunia soja wako wa langoni. Nilijua mtu amemuumiza hii mbwa, nikadhani ni yeye. Ananiambia karibu mzee, mimi napita tu. Hata chai yake nilikataa."

Na kweli, Jumanne iliyofuata kabla ya kumfikia Lulu alisimama langoni kwangu na mlinzi, kofia mkononi, akamwomba msamaha. Mlinzi hakujua ni wa nini, lakini aliupokea, wakanywa chai.

Tulinunua ile ile ya tatu, ndogo, yenye mlio na mtetemo, na kitufe cha shoti Mwalimu alikifunika kwa selotepu nyeusi mizunguko minne. Ile ya mtandaoni aliomba aione, akaipima uzito kwenye kiganja, akaniambia nifanye nitakavyo. Niliipasua kwa nyundo.

Halafu ilikuja kazi, na kazi ilikuwa ndefu. Mwezi wa kwanza kola ililia na Lulu akapewa ini. Ikalia, ini. Mpaka ikawa akiona nachukua kola anakuja mwenyewe kuweka shingo. Mwezi wa pili Mwalimu alileta njiwa ndani ya tundu, akamweka kule mwisho wa bustani, na bakuli la chakula la Lulu akaliweka huku mwisho mwingine. Kila siku nilisogeza bakuli hatua moja. Siku tukizidisha Lulu alikataa kula, tunarudi nyuma hatua kumi. Mimi sina subira, umeshaona, na nilisema maneno mabaya mara nyingi. Mwalimu alinijibu kwa neno moja, "Kidole." Maana yake niangalie kidole changu, kimekaa wapi juu ya rimoti. Kila mara nilikikuta juu ya ile selotepu.

Kwa mbuzi alipona upesi. Mlio mmoja na anageuka. Lakini kwa ndege alifika mahali akakwama. Hakujificha tena, hilo nalishukuru, ila akisikia harufu ya kwale alipita kando, uso ameugeuza, kama mtu anayemkwepa mtu anayejuana naye sokoni. Hakusimama. Msimu ukafunguliwa, ukafungwa. Yule bwana wa yadi akapiga tena simu, akasema mbwa wake wa zamani amekufa.

Kisha Mwalimu mwenyewe akaacha kazi. Presha ya macho, ile inayokula uoni wa pembeni kwanza. Nilikuwa nimeiona bila kuielewa: alikuwa akigeuza kichwa kizima kumtafuta mbwa, na siku moja kwenye maegesho yale nyuma ya duka alisema "juu" wakati kitambaa kilikuwa chini. Hospitali walimwambia wataokoa kidogo. Wateja walipelekwa kwa vijana aliowafundisha. Mke wake alisema nyumba sasa imejaa mtu. Nilikwenda kumwona na matunda, tukazungumza siasa na mvua, na kila nilipoinuka kuondoka aliuliza, "Amesimama?" Nilimwambia bado. Nimewaambia waongo wa bima wote waliopita mbele yangu kwamba ukweli ni rahisi zaidi. Si rahisi. Nilitamani sana kumwambia amesimama.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokwisha, nilikubali. Nilimwambia bwana wa yadi aje Jumatatu. Nilijiambia Lulu ana miaka mitano, ana nguvu, anahitaji kazi, na kwangu anapita kando ya kazi yake kila siku. Jumamosi nikampigia mke wa Mwalimu, nikasema nataka kumchukua mzee tumfungulie Lulu mahali, mara ya mwisho. Sikumwambia mwisho wa nini.

Rafiki yangu ana farasi huko Karen, na nyuma ya mazizi kuna malisho ambapo kwale hula asubuhi. Huruhusiwi kupiga bunduki pale, na hatukuwa nayo. Tulifika saa mbili, umande bado. Mwalimu alinishika kiwiko. Hakuwa na koti lake la mifuko, alikuwa na sweta ambalo mke wake alilifunga vifungo mpaka shingoni. Nilimfungua Lulu, akatangulia.

"Unaniambia," akasema. "Mimi naona ukungu tu na miti."

"Anakwenda kulia. Kichwa kiko chini. Sasa anavuka njia ya farasi."

"Mkia?"

"Unapiga."

Tukatembea. Nyasi zilitulowesha miguu. Nikamwambia kuhusu Jumatatu, na yadi, na mnyororo. Akasema, "Ni mbwa yako," na nilijua angependelea kunitukana.

"Amepunguza mwendo," nikasema. "Amegeuza uso."

"Anapita kando?"

Nilitaka kusema ndiyo, kwa kuwa ndivyo alivyofanya mara zote. Nikangoja. Lulu aligeuza uso, akapiga hatua mbili kuondoka, kisha akarudi. Alirudi mwenyewe. Akashusha kichwa, akanyanyua mguu wa mbele wa kushoto, na mkia ukanyooka ukaacha kupiga.

Nikamzuia Mwalimu asipige hatua nyingine.

"Mama Lulu. Niambie."

"Amesimama."

"Usinidanganye."

"Mwalimu, amesimama. Mguu wa kushoto uko juu. Mkia umenyooka. Hatikisiki."

Mkono wake ulinikaza kiwiko mpaka ukaniuma. "Toa kidole kwenye hiyo kitu," akasema. Nikaitia rimoti mfukoni. Tukamkaribia polepole, yeye akinyanyua miguu juu kupita kiasi kama mtu anayepanda ngazi gizani, mpaka tukamfikia Lulu, tukampita kwa hatua moja. Kwale wakaruka. Walitoka karibu na viatu vyetu na ule mshindo wao wa mabawa na kelele, wakapita juu ya ua kuelekea barabarani. Mwalimu aligeuza kichwa akifuata sauti.

"Watano," akasema.

Walikuwa watano. Lulu alibaki pale pale, mguu umeshuka, akiwatazama wakienda. Hakulia, hakuja kujificha. Nilikaa chini kwenye nyasi zenye maji na suruali yangu ya kazini, nikatoa simu, nikamwandikia bwana wa yadi neno moja, haendi. Mwili wangu wote ulikuwa mwepesi. Miaka mitatu nilikuwa nimembeba mbwa yule kifuani, na sasa alikuwa ameshuka, anasimama kwa miguu yake.

"Uka," Mwalimu akaita, kwa sauti ya chini.

Lulu akaja mbio, akapita mbele yangu bila kunitazama, akamwegemea mzee miguuni. Nikamwambia Mwalimu kwamba anatikisa mkia. Akasema hilo nisihangaike kumwambia, maana unampiga gotini.